Hatua Mia Moja na Arobaini

Kitabu cha hisabati cha darasa la saba kina tabia moja mbaya: kinaamrisha. Kokotoa. Rahisisha. Tafuta thamani ya x. Onesha hatua zote. Mwaka ule niliofiwa na mume wangu nilikuwa nimechoka kuamrishwa na kila mtu, lakini binti yangu alikuwa na mtihani wa taifa mbele yake, na aliyezoea kumsaidia kazi za nyumbani alikuwa amelala nyuma ya nyumba, chini ya saruji ambayo haijakauka vizuri. Nikabaki mimi.

Niseme mapema ili nisije nikaonekana msomi. Nilimaliza darasa la saba nikiwa wa tatu kutoka mwisho, na mmoja wa wale wawili waliokuwa nyuma yangu alifanya mtihani akiwa na malaria.

Jioni ya kwanza tulikaa kwenye mkeka nje ya jiko, daftari likiwa katikati yetu. Nikasoma kwa sauti kama mwalimu: "Mbili mara, jumlisha nane."

"Mara nini, mama?"

"Ndiyo nakuuliza. Hapa pameandikwa mbili mara. Mbili mara ngapi? Aliyeandika kitabu kasahau namba."

Binti yangu akainamisha uso. Wakati huo nilidhani ni adabu; sasa najua alikuwa anazuia kicheko. "Hiyo siyo alama ya mara. Ni eksi."

"Eksi ni nini?"

"Ni namba ambayo hatuijui."

"Kama hawaijui, wameiandikaje?"

Akaendelea kuchonga penseli yake kwa wembe mpaka ikabaki fupi kama kidole cha mtoto.

Swali lililofuata lilikuwa la shamba. Shamba la mstatili lina mzingo wa mita 48. Urefu wake unazidi upana kwa mita 4. Tafuta eneo la shamba. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Shamba la kuzungukwa kwa mita arobaini na nane! Huku kwetu Bariadi hilo ni banda la ndama. Ukimwita mtu shambani kwako akakuta hilo, ataondoka bila kukuaga.

Lakini binti alikwisha anza. Upana aliuita x. Urefu, kwa kuwa unazidi kwa mita nne, aliuita x jumlisha 4. Mstatili una upana mara mbili na urefu mara mbili, kwa hiyo akaandika mbili nje, na vyote viwili ndani ya mabano, sawasawa na 48.

"Tunaanza na mabano," akasema. "Magazijuto."

"Nani huyo?"

"Magazijuto, mama."

Nilidhani ni mtu wa Maswa. Jina kama hilo lina ng'ombe wengi nyuma yake. Kumbe ni utaratibu wa kukokotoa: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, ukichukua mwanzo wa kila neno. Tuliusoma na sisi zamani. Mimi nililisahau hata jina.

Akafungua mabano. Ikawa 4x jumlisha 8 sawasawa na 48. Kisha akatoa nane upande wa kushoto, na akatoa nane upande wa kulia. Hapo nikamzuia. Ile ya kulia imekosa nini?

"Lazima utoe pande zote, la sivyo hazitakuwa sawa."

Ndipo nikaelewa. "Kama wake wenza. Ukimpa mmoja kanga, mpe na mwenzake. Ukimnyang'anya mmoja, mnyang'anye na mwenzake."

"Ndiyo, mama. Hivyo hivyo." Safari hii alicheka waziwazi.

Ikabaki 4x sawasawa na 40. Akagawanya kwa nne kila upande. Kumi. Upana kumi, urefu kumi na nne, eneo mita za mraba 140. Nikamuuliza mtu anajuaje kwamba amefika mwisho, maana naona unaweza kutoa na kugawanya mpaka kesho. Akasema lengo ni x abaki peke yake upande mmoja.

Hilo nililielewa haraka kuliko nilivyotaka.

Mume wangu alikuwa mpima ekari. Hakusomea, na hakuwa na chombo chochote zaidi ya miguu. Mwenye trekta au mwenye maksai akitaka kujua amelima kiasi gani, alimwita yeye, naye akapita akihesabu: hatua sabini huku, hatua sabini huku, ekari moja. Alipima mpaka vijiji vya mbali, na kila alichopima alikiandika kwenye daftari lisilo na jalada.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomletea maadui. Msukuma akikuta mtu shambani lazima amsalimie, na salamu ya Kisukuma si neno moja. Utaulizwa mhola, yaani habari zako, kisha za watoto, za mji, za ng'ombe, na wewe utauliza vilevile. Mtu anayehesabu hatua hawezi. Kwa hiyo mume wangu akisalimiwa katikati ya kupima aliinua kiganja juu, bila kugeuka, na kuendelea. Akimaliza alirudi kwa njia ile ile, akimfuata kila aliyemsalimia, na kumjibu salamu yake yote hadi ng'ombe wa mwisho. Wageni walisema ana kiburi. Wenyeji walizoea.

Shamba letu liko nje kidogo ya mji, kando ya barabara. Nyuma yake linapakana na la shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Mpaka ulikuwa ukanda wa nyasi ambao haukuwahi kulimwa tangu baba yao alipowagawia. Wiki ya tatu ya msiba shemeji alileta trekta ili "kumsaidia mjane", na trekta lililima mashamba yote mawili kama shamba moja. Ukanda wa nyasi ukaenda na jembe. Watu wanapenda nimlaumu shemeji kwa hilo, na ningependa sana kumlaumu. Lakini dereva alisimama pale kwenye nyasi, akazima injini na kuniuliza, "Mama, nipite?" Nikatikisa kichwa kukubali. Siku zile nilikuwa nakubali kila kitu. Ningeulizwa kama nyumba ichomwe, ningetikisa kichwa.

Mbegu zilipochomoza shemeji alikuja na mti mkononi na daftari la marehemu, ambalo nilimpa mwenyewe. Ilikuwa imeandikwa: Kwangu. Barabarani, kalavati hadi nguzo ya umeme, hatua 120. Kwenda ndani hadi mpaka wa kaka, 140.

"Shemeji, tusigombane," akasema. "Mdogo wangu ameandika mia na arobaini. Tunahesabu mia na arobaini, tunachomeka mti, basi."

Shemeji yangu hatua zake hubadilika kulingana na anakokwenda. Akienda penye nyama ni twiga. Siku ile ndani ya shamba langu alitembea kama bibi harusi. Hatua fupi, polepole, hatua fupi, polepole. Mia na arobaini yake iliishia mbali sana na pale nilipokumbuka nyasi, na kipande kikubwa cha pamba yangu kikawa nyuma ya mti wake.

Nikamwambia, hatua moja ni mita moja, kila mtu anajua. Nikajifunga kanga vizuri, nikarudi barabarani, nikaanza kupima mwenyewe. Niliruka kama mtu anayevuka madimbwi. Nilipofika tisini na kitu, shemeji, ambaye nilikuwa naye tangu saa sita mchana na hakuwa amenisalimia, akapaza sauti kwa salamu ya mchana:

"Mwadila, mayu!"

"Mwadila," nikajibu. Mama yangu alinilea vizuri.

"Mhola?"

"Mhola."

"Watoto?"

"Wazima."

"Na ng'ombe?"

Nilipomaliza na ng'ombe, namba ilikuwa imepotea. "Ulikuwa umefika ngapi?" akaniuliza, kwa huruma kabisa.

Kesho yake niliazima kamba ya mafundi wanaojenga jirani, nikapima mita mia na arobaini kamili kutoka barabarani, nikachomeka mti wangu. Kati ya miti yetu miwili kulikuwa na pamba ambayo mimi nilikuwa naipalilia na yeye alikuwa anaitamani. Tukaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Mwenyekiti alisoma daftari mara mbili. "Limeandikwa hatua. Hatua za nani?"

"Za marehemu," tukasema wote.

"Basi aletwe apime."

Watu walicheka, kisha wakafunika midomo. Mwenyekiti akaniomba radhi, akatupa wiki mbili. Atakayeleta kipimo cha kueleweka atasikilizwa. Bila hivyo angegawa kipande kile katikati, kila mtu achukue nusu. Huo ndio uamuzi ambao shemeji alikuwa anauombea usiku na mchana, maana aliyedai vya uongo akipewa nusu huenda nyumbani ameshiba.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wa hisabati alitoa kazi mpya. Mwalimu mwenyewe ni kijana aliyepangiwa huku kutoka mkoa wa mbali, na ukimsalimia "Mwangaluka" asubuhi anaitikia "Marahaba" hata kwa bibi kizee. Aliwaambia kila mwanafunzi atunge swali moja la aljebra kutokana na maisha ya nyumbani kwao, alikokotoe na kuonesha hatua zote.

Binti yangu alikaa na penseli yake fupi mpaka chakula kikapoa. Halafu akaandika: Baba alipima upande wa barabara wa shamba letu akapata hatua 120. Hatua yake moja ilikuwa mita x. Ikiwa upande huo una urefu wa mita, akaacha nafasi, tafuta thamani ya x.

"Hapa sijui," akasema, akigusa ile nafasi.

Nilisoma swali lile, nikasimama. Kalavati lipo. Nguzo ya umeme ipo. Alitembea kutoka hapa hadi pale, na hakuna trekta la kulima nguzo.

"Tukapime," nikasema.

Kamba ya mafundi ilikwisha rudishwa, kwa hiyo tulichukua ya kufungia ng'ombe. Binti aliipeleka shuleni akaipima kwa rula ndefu ya ubaoni, mita kumi. Mimi, kwa ujuzi wangu, nilipiga fundo kila mita. Tulipoilaza tena kwenye rula ilikuwa fupi kwa zaidi ya futi, kwa sababu kila fundo linakula kamba, jambo ambalo mtu aliyefunga ng'ombe maisha yake yote angepaswa kulijua. Tukafungua mafundo yote, tukafunga nyuzi nyekundu badala yake.

Tulipima kutoka kalavati, mimi mbele, yeye nyuma, na kila kamba moja alichora mstari kwenye daftari. Tukapata mita mia na kumi na mbili.

"Mama, kamba ilikuwa imelegea."

Ilikuwa imelegea. Niliilegeza mimi. Nilikuwa nimeshapiga hesabu njiani kwamba upande huu ukiwa mrefu, hatua yake inakuwa ndefu, na hatua yake ikiwa ndefu, pamba inakuwa yangu. Aljebra nilishindwa kuielewa kwa miaka saba, lakini siku niliyoitaka kwa ajili ya wizi ilinikaa kichwani dakika moja. Sikumwambia mtoto. Nilisema tu, "Tuivute tena." Tukapima upya, kamba imekaza mpaka inalia. Mia na nane.

Alikaa palepale juu ya kalavati akaandika. 120x sawasawa na 108. Akagawanya pande zote kwa 120. Akapata desimali tisa. Sentimita tisini.

Kwa miaka yote niliyokaa na mume wangu niliwaambia watu kwamba hatua yake inazidi mita. Nilijisifia miguu yake kama mtu anayejisifia ng'ombe. Na sasa x amebaki peke yake upande mmoja wa ukurasa, na ni mtu wa sentimita tisini. Nilichukua kamba, nikalaza kipande cha urefu huo ardhini, nikakitazama. Nikaweka mguu mmoja mwanzo na mwingine mwisho. Tulipokuwa tunakwenda mnadani alipiga hatua mbili, mimi tatu, na kila mara nilimwambia apunguze. Niliondoa miguu, nikakunja kamba.

"Mia na arobaini mara desimali tisa," nikamwambia. "Malizia."

Ilikuja mia na ishirini na sita. Mti wa shemeji ulikuwa kwenye mita tisini na nane. Wangu ulikuwa mia na arobaini. Wote wawili tulikuwa waongo. Yeye alikuwa mwongo mara mbili yangu, na nakiri kwamba hilo lilinifariji.

Mwalimu alimpa nane kwa kumi. Kwa kalamu nyekundu aliandika kwamba hakuweka neno "mita" kwenye jibu, na hapo alikuwa na haki. Chini yake akaongeza: Hatua za binadamu haziwezi kulingana, swali halina uhalisia. Swali la mtu aliyezungushia banda la ndama akaliita shamba lilikuwa na uhalisia, la kwetu halina. Mwalimu hakuwahi kutembea nyuma ya mume wangu akiwa anahesabu.

Siku ya kusikilizwa mwenyekiti alikuja shambani na majirani wachache. Binti alisoma hesabu yake kwa sauti, hatua kwa hatua. Mwenyekiti akamwambia arudie polepole. Akarudia.

Shemeji akakohoa. "Mdogo wangu alikuwa na miguu. Hakuwa na desimali."

Wazee wakacheka, na mwenyekiti pia alicheka, kisha akamgeukia. "Vizuri. Wewe ulipima kwa miguu. Nenda kwenye kalavati, utembee hatua zile zile ulizotembea siku ile, uhesabu mia na ishirini. Daftari linasema utafika kwenye nguzo."

Shemeji alitazama nguzo. Nadhani ndipo alipoiona kwa mara ya kwanza. Akirefusha hatua angefika, lakini mia na arobaini yake nayo ingerefuka. Akatembea kama bibi harusi, maana tulikuwa tumeiona harusi ile, na mia na ishirini ikamkuta peke yake kwenye majani, nguzo ikiwa mbali mbele yake.

"Kwa hatua zako," mwenyekiti akasema, "marehemu hakufika kwenye umeme."

Hapo ningeweza kunyamaza. Watu wote walikuwa upande wangu, na nina hakika mti wangu wa mita mia na arobaini ungesimama. Lakini binti alikuwa amesoma mia na ishirini na sita mbele ya watu, na alikuwa ananitazama.

"Na mimi nilikosea," nikasema. "Kwa hatua zangu za mita moja, marehemu angeipita nguzo akaingia kwenye maharage ya jirani." Nikaenda nikang'oa mti wangu mwenyewe. Ulikuwa umeshika vizuri, ikabidi niutikise.

Mwenyekiti akasema kamba ianze barabarani. Jirani mmoja alishika mbele, binti nyuma na daftari lake. Walipofika kamba ya saba au ya nane, nilimwona shemeji akisogea kando ya mstari wao, mikono nyuma, kama mtu anayetembea tu.

"Mwadila, mayu!" akamwita mtoto, kwa sauti tamu.

Jirani wa mbele akaanza kugeuka. Binti yangu aliinua kiganja juu, bila kumtazama, akachora mstari wake, akasema, "Vuta."

Sijui aliiona mara ngapi, ile ya baba yake, sikuwahi kumfundisha.

"Mtoto hana adabu huyu," shemeji akasema. "Anasalimiwa na baba yake mkubwa anainua mkono?"

"Mwache," mwenyekiti akajibu. "Yuko kazini."

Kamba kumi na mbili na mita sita. Pale wakachomeka mti, na mwenyekiti akaupiga kwa jiwe mpaka ukazama. Mita kumi na nne za pamba niliyoipalilia mwenyewe zikabaki upande wa pili. Mwenyekiti aliuliza mavuno ya kipande kile yatakuwa ya nani. Nikasema ardhi ni ya shemeji, na pamba iko juu ya ardhi. Sikusema kwa moyo mweupe. Ile ilikuwa pamba safi kuliko yote aliyokuwa nayo, na nilitaka kila akiivuna ajue nani aliyeing'olea magugu.

Binti akampa jirani kamba. Kisha akarudi kwa mstari ule ule aliojia, kinyume, mpaka alipokuwa amesimama shemeji, akapiga goti kidogo.

"Mwadila, baba mkubwa."

Shemeji alitazama pembeni, lakini salamu ni salamu, na wazee walikuwa wanasikiliza. "Mwadila."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na ng'ombe?"

Alimuuliza mpaka ng'ombe wa mwisho, na shemeji alijibu yote. Halafu akaaga, akakata katikati ya shamba lake kuelekea nyumbani. Nilimsindikiza kwa macho. Alikuwa anapiga hatua ndefu ajabu.